Ugonjwa Uliokosa Jina: Uchambuzi wa Kisa cha Nellie Kershaw na Tishu ya Katikati ya Mapafu

Asubuhi ya tarehe 14 Machi 1924, mjini Rochdale, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, alifariki dunia Nellie Kershaw, mwanamke wa miaka 33 aliyekuwa msokota nyuzi za madini ya asbesto kiwandani, mke wa kibarua wa mafundi wa kuezeka na mama wa mtoto mdogo. Maelezo ya kwanza ya kitabibu kuhusu kifo chake yalitaja kifua kikuu cha mapafu na moyo kushindwa kufanya kazi. Baada ya vipande vya mapafu yake kuwekwa chini ya hadubini, maelezo hayo yalibadilishwa, na sababu ya kifo ikaandikwa kuwa ni makovu ya mapafu yaliyotokana na kuvuta chembechembe za madini. Kisa hiki kimeandikwa mara nyingi kama habari ya mwajiri na mfanyakazi wake, nacho kweli ni hivyo. Hapa nakisoma kwa namna nyingine, kama kisa cha istilahi, kwa sababu kila hatua ya ugonjwa wa mama huyu iligeuka kwa kutegemea neno lililotumiwa kuutaja, na maneno mawili ya kwanza yaliyotumiwa yote yalielekeza jicho mahali pasipostahili.

Mahali penyewe ni tishu ambayo madaktari huiita ya interstishali, neno lenye asili ya Kilatini lenye maana ya kile kinachosimama kati ya vitu viwili. Pafu la binadamu lina vifuko vya hewa, yaani alveoli, mamia ya mamilioni, na kila kifuko kimezungukwa na mishipa midogo sana ya damu iitwayo kapilari. Kati ya ukuta wa kifuko na ukuta wa kapilari ndipo ilipo tishu hii. Anayeijua nyumba ya udongo ataelewa upesi: mtu akiulizwa nyumba yake ikoje hutaja vyumba, milango na paa, wala hataji udongo uliokandikwa kati ya fito, ingawa udongo huo ndio unaokifanya kiambaza kuwa kiambaza. Ndani ya udongo huo wa mapafu mna nyuzi za kolajeni zinazoshikilia umbo, nyuzi za elastini zinazolirudisha pafu baada ya kuvuta pumzi, seli ziitwazo fibroblasti zinazotengeneza nyuzi hizo, na seli za ulinzi zikiwemo makrofaji. Katika sehemu zake nyembamba zaidi, ukuta mzima kati ya hewa na damu haufiki hata mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na wembamba huo ndio unaoiwezesha oksijeni kupita kwa wakati mfupi ambao damu inakuwa imefika pale.

Neno interstishali si mali ya mapafu peke yake, na hili huwachanganya wanafunzi. Figo zina tishu ya katikati inayoweza kuvimba kwa sababu ya dawa fulani, na uvimbe huo huitwa nefritisi ya interstishali. Korodani zina seli za interstishali zinazojulikana zaidi kama seli za Leydig, ambazo hutengeneza homoni ya testosteroni. Utumbo una seli za interstishali za Cajal, ambazo huanzisha mwendo wa kusukuma chakula. Seli hizo hazina undugu wa kazi hata kidogo. Zinachoshirikiana ni anwani tu, kwamba zote hukaa katikati ya kitu kingine kilichopata jina kabla yake. Kwa hiyo kila tunapokutana na neno hili tunapaswa kuuliza kwanza: katikati ya nini na nini? Katika kisa cha Kershaw jibu ni hewa na damu.

Nellie aliacha shule mwaka 1903 akiwa na miaka 12, akaingia kiwanda cha pamba, na baada ya miezi michache tu akahamia kiwanda kilichosindika asbesto. Mwishoni mwa mwaka 1917 aliajiriwa na kampuni ya Turner Brothers Asbestos ya Rochdale, ambako kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi ghafi za asbesto kuwa uzi wa kufumia. Asbesto ni madini, lakini ni madini ya ajabu: ukilipiga jiwe lake hupasuka kuwa nyuzi zinazoweza kuchambuliwa na kusokotwa kama pamba, na nyuzi hizo haziungui. Sifa hiyo ndiyo iliyowatajirisha wenye viwanda, na hiyo hiyo ndiyo inayoeleza yaliyotokea ndani ya kifua cha msokotaji, maana kitu kisichoharibiwa na moto hakiwezi kutarajiwa kuharibiwa kirahisi na seli.

Dalili zake zilianza mwaka 1920, akiwa na miaka 29. Aliendelea na kazi hadi Julai 1922, ambapo daktari wa mtaa wake, Walter Joss, alimwandikia cheti cha kutoweza kufanya kazi. Joss alikuwa amekwisha kuona wagonjwa wengine wa aina hiyo katika mji huo, na kwenye cheti hakuandika kifua kikuu wala bronkaitisi, ambavyo vingepita bila swali. Aliandika kwamba mgonjwa ana sumu ya asbesto.

Hapa ndipo istilahi ilipoanza kufanya kazi yake, na kwa ubaya. Chama cha bima ya afya alichokichangia Nellie kilikataa kumlipa posho ya ugonjwa kwa hoja kwamba ugonjwa uliotokana na kazi ni mzigo wa mwajiri. Mwajiri naye alikataa kwa hoja iliyokuwa nadhifu zaidi: kwamba asbesto si sumu, kwamba ugonjwa wa jina hilo haujulikani wala haujafafanuliwa popote, na kwamba haumo katika orodha ya magonjwa ya kazini iliyoambatanishwa na sheria ya fidia. Orodha hiyo ilianza mwaka 1906 ikiwa na magonjwa sita tu: kimeta, safura, na sumu za risasi, zebaki, fosforasi na aseniki. Ilikuwa imerefushwa tangu wakati huo, na tangu mwaka 1918 kulikuwa na sheria ya fidia kwa silikosisi, ugonjwa wa vumbi la mawe. Asbesto haikuwemo. Nellie aliiandikia kampuni akieleza kwamba amekaa nyumbani majuma tisa bila kupata hata senti, na akauliza watafanya nini kuhusu jambo lake. Alikuwa ameangukia kwenye mwanya kati ya mifuko miwili, na kila mfuko ulimwonyesha mwenzake.

Kwa upande wa patholojia peke yake, yaani elimu ya jinsi ugonjwa unavyoudhuru mwili, lazima nikiri kwamba barua ya kampuni ilikuwa na kweli ndani yake. Neno sumu halikufaa. Sumu ya risasi huyeyuka, huingia katika damu, huvuruga utengenezaji wa hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, hufika kwenye neva na figo. Inaweza kupimwa kwenye mkojo. Uzi wa asbesto haufanyi hivyo. Hudhuru kwa kuwepo, kwa umbo lake na kwa ukaidi wake. Dk. Joss alikuwa ameuona ukweli lakini akaukopea neno kutoka kwenye orodha iliyokuwepo, pengine kwa sababu magonjwa ya viwandani yaliyotambuliwa na sheria kwa sehemu kubwa yaliitwa sumu ya hiki au kile, na neno lile la kuazima likampa mwajiri mlango wa kutokea. Kampuni ilikanusha neno, na kwa kulikanusha neno ikajifanya imekwisha kukanusha ugonjwa.

Ni nini basi kilichokuwa kikitokea? Vumbi kubwa linalovutwa kwa pumzi hunaswa puani na kwenye ute wa koo, likatemwa au kumezwa. Nyuzi za asbesto ni ndefu lakini ni nyembamba mno, nazo husafiri zikiwa zimelala sambamba na mkondo wa hewa, hata zile ndefu zikafika chini kabisa kwenye vifuko. Huko hukutana na makrofaji, seli ambayo kazi yake ni kumeza takataka. Makrofaji ina upana wa takriban mikromita 20. Uzi mfupi humezwa na kuondolewa. Uzi mrefu kuliko seli yenyewe hauwezekani, na seli inayoujaribu hubaki na mdomo wazi, kama mtu anayejaribu kumeza ufito wa mkoko, ikimwaga vimeng'enya na kemikali zake za uchokozi juu ya tishu iliyo jirani. Seli hufa, uzi hubaki, makrofaji nyingine huja na kujaribu tena. Fibroblasti zilizomo katika tishu ya katikati hupokea ishara hizo kama wito wa kuziba jeraha, nazo hufanya kile zinachokijua, yaani kutandaza kolajeni. Jeraha la kawaida hupona na wito hunyamaza. Hapa kichokozi hakiondoki, kwa hiyo wito haunyamazi, na ukuta uliokuwa haufiki mikromita moja huendelea kunenepa na kukakamaa mwaka baada ya mwaka, hata baada ya mgonjwa kuacha kazi.

Ukakamavu huo ndio fibrosisi ya interstishali. Una matokeo mawili ambayo mgonjwa huyahisi kama kitu kimoja. La kwanza ni kwamba pafu halitanuki, hivyo kila pumzi huwa fupi na humgharimu nguvu. La pili ni kwamba oksijeni hupita kwa shida katika ukuta mnene, hivyo hata pumzi aliyofanikiwa kuivuta haimpi faida kamili. Mgonjwa hukohoa kikohozi kikavu, hupanda ngazi akihema, hukonda. Daktari anayeweka stethoskopu chini ya mgongo husikia, mwishoni mwa kuvuta pumzi, mlio wa kupasukapasuka unaofanana na ule wa mkanda wa kunata wa viatu vya watoto unapobanduliwa. Hakuna usaha, na mara nyingi hakuna homa.

Sasa linganisha na kifua kikuu, ambacho kilitajwa kwanza baada ya kifo chake. Mgonjwa wa kifua kikuu naye hukohoa, hukonda na huchoka. Katika mji wa viwanda wa enzi ile, ambako ugonjwa huo uliwaua wengi, mwanamke kijana wa tabaka la wafanyakazi aliyekohoa miaka minne na kunyauka hakuhitaji maelezo mengine. Ila kifua kikuu hupenda sehemu za juu za mapafu, hula tishu na kuacha mapango, na vimelea vyake huonekana kwenye makohozi. Makovu ya asbesto huanzia chini, hayachimbi mapango, na hutandaa ukutani badala ya kujaza nafasi. Mmoja ni ugonjwa wa kubomoa vyumba, mwingine ni ugonjwa wa kunenepesha viambaza hadi vyumba vikabana.

Tatizo ni kwamba ndani ya mapafu ya Nellie Kershaw vyote viwili vilikuwepo. Afisa aliyesimamia uchunguzi wa kifo hakuridhika na maelezo ya awali, akaagiza mapafu yachunguzwe kwa hadubini, na kazi hiyo ikamfikia William Edmund Cooke, mwanapatholojia wa hospitali ya Wigan. Cooke aliona alama za zamani za kifua kikuu. Laiti angekuwa mtu wa kutosheka mapema angeishia hapo, maana jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na ushahidi wake ulikuwa mezani. Lakini aliona pia kwamba makovu yalienea kupita kiasi ambacho alama zile zingeweza kueleza, na kwamba katikati ya makovu mlikuwa na chembe za madini, nyingi zikiwa na pembe kali. Alizipima. Ndogo zilikuwa na urefu wa mikromita 3. Ndefu kabisa ilikuwa na mikromita 393.6, yaani karibu sehemu nne za kumi za milimita, ikiwa imelala ndani ya tishu ambayo kuta zake hupimwa kwa sehemu za mikromita. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo linaloupa uchunguzi wake uzito: alipata sampuli za vumbi la asbesto kupitia daktari mkaguzi wa viwanda wa serikali, akalilinganisha na chembe alizozitoa mapafuni, akaona kwamba ni kitu kimoja. Katika ushahidi wake alisema kwamba chembe hizo zilitokana na asbesto, na kwamba bila shaka ya maana ndizo zilizokuwa chanzo cha msingi cha makovu, na kwa hiyo cha kifo.

Neno la msingi ndilo la kushikwa hapo. Cooke hakukataa kwamba kifua kikuu kiliwahi kuwepo. Alikataa kukipa nafasi ya kwanza. Naliona hilo kuwa somo la utambuzi wa magonjwa kuliko la maabara, kwa sababu kosa la kawaida katika magonjwa ya tishu ya katikati huwa ni kwamba ugonjwa unaoonekana kwa urahisi hufunika ule unaohitaji kutafutwa, wala si kwamba hakuna aliyeona chochote.

Kuhusu moyo, maelezo ya kwanza hayakuwa ya uongo. Mapafu yanapojaa makovu, kapilari nyingi hubanwa au hupotea, na upande wa kulia wa moyo, ambao kazi yake ni kusukuma damu kwenda mapafuni, hulazimika kusukuma dhidi ya ukinzani mkubwa hadi unachoka. Kuandika kwamba moyo ulishindwa ni kutaja kiungo cha mwisho cha mnyororo na kuacha pete zilizotangulia.

Cooke alichapisha kisa hicho katika jarida la British Medical Journal mwezi Julai 1924. Haikuwa kweli kwamba hakuna aliyewahi kuonya. Mwaka 1898 Lucy Deane, mkaguzi wa viwanda wa serikali, alieleza katika ripoti kwamba vumbi la asbesto chini ya hadubini lilikuwa na chembe kali zenye makali kama ya vioo, na kwamba lilikuwa na madhara. Mwaka 1899 Dk. Montague Murray wa Charing Cross Hospital, London, alimpokea mtu wa miaka 33, umri ule ule wa Nellie, aliyefanya kazi miaka 14 katika kiwanda cha asbesto, na aliyemwambia kwamba wenzake wote tisa wa chumba kimoja wamekwisha kufa naye ndiye aliyebaki. Murray aliisimulia habari hiyo mbele ya kamati ya serikali mwaka 1906. Ilisikilizwa, ikaandikwa, ikakaa. Haikuwa na jina ambalo karani angeweza kuliweka kwenye orodha.

Jina lilikuja mwaka 1927, Cooke aliporejea kwenye mada hiyo na kuuita ugonjwa huo asbestosisi ya mapafu. Mwaka huo huo yalielezwa pia maumbo ya ajabu ya rangi ya dhahabu na kahawia yaliyoonekana katika mapafu ya aina hiyo, yenye umbo la chuma cha mazoezi, vichwa viwili na shingo nyembamba. Leo tunajua kwamba ni nyuzi za asbesto zilizofunikwa na protini yenye madini ya chuma, yaani jaribio la mwili la kukifunika kile ulichoshindwa kukimeza.

Baada ya jina kupatikana mambo yalikwenda kwa kasi ambayo miaka 30 ya onyo haikuwahi kuizalisha. Serikali ilimtuma Dk. Edward Merewether, ambaye pamoja na mhandisi Charles Price alitoa ripoti mwaka 1930: kati ya wafanyakazi 363 waliopimwa, 95 walikuwa na fibrosisi, na miongoni mwa waliokaa kazini zaidi ya miaka 20 walioathirika walikuwa takriban wanne katika kila watano. Kanuni za kudhibiti vumbi katika viwanda vya asbesto zilitungwa mwaka 1931 na ugonjwa ukaingizwa katika mpango wa fidia. Kanuni hizo zilihusu viwanda vya kusindika. Waliofunga asbesto kwenye mabomba na matanuri ya meli walibaki nje yake. Uingereza haikupiga marufuku aina ya mwisho ya asbesto hadi mwaka 1999.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna usumbufu mdogo wa istilahi ambao si vizuri kuupita. Mitaani kwetu, mtu akisema asbestosi anakusudia vile vigae vya kijivu vya mapaa ya nyumba za zamani za serikali, shule na reli, si ugonjwa. Madini na maradhi yamepewa jina moja, na matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kusema ana asbestosi nyumbani na mwingine akampa pole ya ugonjwa. Katika maandishi ya kitabibu nashauri madini yaitwe asbesto, kama yalivyo katika kamusi, na ugonjwa uitwe asbestosisi, kwa mfano wa silikosisi. Vivyo hivyo fibrosisi tusiiite uvimbe wala vidonda vya mapafu, kama nilivyowahi kusikia mgonjwa akielezwa. Ni kovu, na kila anayejua kovu anajua kwamba halipakwi dawa likaondoka. Dawa zilizopo leo, kama nintedanibu na pirfenidoni, kazi yake ni kupunguza mwendo wa makovu. Hazirudishi ukuta ulivyokuwa.

Mtego wa kifua kikuu nao bado upo, tena kwetu upo wazi zaidi, kwa sababu ugonjwa huo tunao mwingi na tunautibu kila siku. Mchimba madini au fundi aliyekata mawe miaka mingi akija na kikohozi kikavu, makohozi yasiyo na vimelea, na picha ya kifua yenye michirizi, anaweza kuanzishiwa dozi ya miezi sita, akaimaliza, asipate nafuu, akaanzishiwa tena. Swali ambalo lingemwokoa mara nyingi ni la maneno machache, nalo halihitaji mashine: umefanya kazi gani, tangu lini, na kulikuwa na vumbi la nini?

Kampuni haikulipa fidia kwa familia ya Nellie Kershaw, wala haikuchangia gharama za mazishi, kwa maelezo kwamba kufanya hivyo kungeweka mfano na kuonekana kama kukubali kuwajibika. Alizikwa katika kaburi la maskini lisilo na alama. Na hata yale maneno yaliyosahihishwa kuhusu kifo chake, yaliyotaja makovu mahali pake na chanzo chake, yalisema ni chembechembe za madini tu. Neno asbesto, ambalo Dk. Joss alikuwa ameliandika kwenye cheti cha mgonjwa miaka miwili kabla, halikuwemo.